Kwa Nini Maua Hunukia, na Kwa Nini Mengine Hunuka

Baada ya Misa ya pili ya Dominika, mama mmoja wa kikundi cha kupamba altare alitusubiri mlangoni pa sakristia. Alitupa "Tumsifu Yesu Kristo" yake, tukaitikia, kisha akaingia moja kwa moja katika shauri lake. Mawaridi yaliyonunuliwa kwa ajili ya sherehe ya somo wa parokia yalikuwa yamekaa wiki nzima katika vyombo pasipo kunyauka, jambo jema kwa mfuko wa parokia. Lakini hayakuwa na harufu hata chembe. Wakati huohuo, mwasmini uliojiotea kando ya groto ya Bikira Maria, ambao hakuna mtu anayeumwagilia maji, kila jioni unaijaza harufu njia yote ya kuelekea kanisani. "Baba," akauliza, "waridi limekosa nini?"

Tulicheka pamoja naye, tukaahidi kumjibu Dominika iliyofuata. Ahadi hiyo hatukuitimiza. Kadiri tulivyosoma ndivyo tulivyoona kwamba swali lile la sakristia lina mzizi mrefu, na kwamba jibu lake linafika hadi kwenye kahawa, mapapai na vanila za waamini wetu. Ndiyo maana leo tunaliandikia makala.

Tuanze na waridi lenyewe, kwa maana kosa si lake. Mawaridi ya biashara, yale yanayolimwa Naivasha na Arusha na kusafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, yametokana na miti iliyochaguliwa na wataalamu kwa miaka mingi, kizazi baada ya kizazi. Walichagua shina refu, rangi inayovutia, na petali zinazovumilia safari na kukaa siku nyingi katika chombo cha maji. Harufu haikuwa katika orodha ya mahitaji. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionesha kwamba kuna kimeng'enya kimoja kinachoshiriki kwa kiasi kikubwa katika kutengeneza harufu ya waridi, na kwamba katika mawaridi yasiyonukia kimeng'enya hicho karibu hakifanyi kazi. Binadamu alichagua kwa macho, na pua ikasahauliwa. Miti iliyobaki ni ile iliyoyapendeza macho.

Sasa tumwondoe binadamu katika habari hii, twende porini. Huko hakuna mtaalamu wa kuchagua, na bado kuna uchaguzi unaoendelea usiku na mchana. Wachaguzi ni nyuki, nondo, nzi, nyigu, mbawakawa, popo na ndege.

Mmea umepandwa mahali pamoja na hauwezi kwenda kumtafuta mwenzake. Ili upate mbegu, mara nyingi unahitaji chavua, yaani ule unga mwepesi wa ua, ichukuliwe kutoka ua moja hadi jingine la jamii yake. Upepo huifanya kazi hiyo kwa mahindi na nyasi, na ndiyo maana maua ya mahindi hayajishughulishi kunukia. Mimea inayomtegemea mjumbe mwenye mabawa hulazimika kumwita, na harufu ni mojawapo ya sauti za kumwitia. Inafika mbali kuliko rangi, inapita nyuma ya majani, na inafanya kazi gizani.

Harufu hiyo ni molekuli nyepesi zinazotoka katika petali na kupaa hewani. Wanasayansi wamekwisha kutambua zaidi ya aina 1,700 za molekuli hizo katika maua waliyoyachunguza, na kila ua lina mchanganyiko wake. Wataalamu wengi wanaona kwamba molekuli hizi hazikuanza kama mwaliko; zilianza kama silaha. Kabla ya maua kuwapo duniani, majani na mashina yalikwisha kuwa na kemikali za kuwafukuza wadudu na kuzuia ukungu. Karafuu ya Zanzibar na Pemba, ambayo ni tumba la ua lililokaushwa kabla halijafunguka, hadi leo hubeba kazi hizo mbili: inatunukia sisi, lakini mafuta yake huua vijidudu, na waganga wa meno wanalijua hilo. Kilichokuwa kinga polepole kikawa pia wito.

Lakini "polepole" ni neno ambalo yafaa tulieleze. Miti ya jamii moja haifanani kabisa, kama vile watoto wa mama mmoja wasivyofanana. Mmoja hutoa harufu nyingi, mwingine kidogo, na tofauti hiyo hurithiwa. Ikiwa nyuki huvutwa zaidi na ule wenye harufu nyingi, huo utapata mbegu nyingi, na kizazi kijacho kitakuwa na watoto wake wengi kuliko wa jirani yake. Kizazi baada ya kizazi, jamii nzima huelekea upande ule. Huu ndio unaoitwa uteuzi asilia, na matokeo yake ya muda mrefu ni mageuko.

Je, jambo hilo limewahi kuonekana kwa macho? Limeonekana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, walichukua mmea mmoja wa jamii ya kabichi unaotoa maua haraka, wakaugawa katika makundi. Kundi moja lilichavushwa na nyuki wakubwa wenye manyoya wa nchi za baridi pekee. Kundi jingine na nzi wadogo wanaofanana na nyigu na kuelea hewani mbele ya maua. Baada ya vizazi 9 tu, makundi hayo yalikuwa yameachana. Mimea ya nyuki ilikuwa mirefu zaidi, na harufu yake ilikuwa imeongezeka takriban mara mbili. Mimea ya nzi ilikuwa mifupi, yenye harufu ndogo, na ilikuwa imezidi kujichavusha yenyewe, kwa kuwa nzi hao ni wachavushaji hafifu na asiyeletewa chavua hujitafutia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Udongo ulikuwa mmoja na asili ya mbegu ilikuwa moja. Mgeni peke yake ndiye aliyetofautiana.

Tunajua kwamba hapa baadhi ya wasomaji watasita. Katika jumuiya ndogondogo tumewahi kuulizwa ikiwa Mkatoliki anaruhusiwa kulitamka neno mageuko bila kuungama. Jibu ni fupi. Papa Pio XII, katika waraka wake Humani Generis wa mwaka 1950, aliruhusu uchunguzi wa kisayansi juu ya asili ya mwili wa binadamu, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mtakatifu Yohane Paulo II, mwaka 1996, aliiambia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia hiyo imekwisha kuvuka kiwango cha dhana tupu. Naye aliyegundua kanuni za kurithi, ambazo bila hizo uteuzi asilia usingeeleweka, alikuwa mtawa Mwagustino, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri huko Brno na kuchapisha kazi yake mwaka 1866. Tunaendelea na maua.

Lugha yetu ina hekima ambayo lugha nyingi hazina: inatenga kunukia na kunuka. Asmini hunukia, mzoga hunuka. Lakini tukumbuke ni pua ya nani iliyoamua. Kuna maua yanayonuka kama nyama iliyooza au samadi, na hayajaharibika. Yanamwita nzi anayetafuta mahali pa kutaga mayai. Kwa nzi, hiyo ndiyo kunukia. Huko Afrika Kusini kuna mimea ya jenasi ya Eucomis iliyo ndugu wa karibu sana na inayofanana kwa sura. Baadhi yake huchavushwa na nyigu, mingine na nzi. Watafiti waligundua kwamba maua ya nzi hutoa molekuli zenye salfa, zile zile zitokazo katika mizoga. Wakachukua molekuli hizo, wakaziweka kwenye maua ya nyigu, bila kugusa rangi wala umbo. Nzi wakaja. Harufu peke yake ilitosha kubadili wageni, na hapo tunaelewa jinsi mmea mmoja unavyoweza, kwa badiliko dogo la kurithiwa, kufungua njia ya kuwa jamii mbili.

Mbuyu nao haukutengeneza ua lake kwa ajili yetu. Ua lake kubwa jeupe linaloning'inia hufunguka jioni, na aliyewahi kusimama chini yake anajua kwamba harufu yake ni nzito, kama ya kitu kilichoanza kuchacha. Mgeni wake mkuu katika sehemu zetu za Afrika ni popo wala matunda, na hao hatujawasikia wakilalamika.

Tukija kwa mwasmini wa groto, tunalipata jibu la nusu ya pili ya swali la mama yetu. Maua meupe yanayonukia jioni na usiku ni mtindo unaojulikana duniani kote, na kwa kawaida humwelekea nondo mkubwa anayeruka usiku akiwa na mrija mrefu wa kunyonyea. Weupe huonekana katika mwanga hafifu, na harufu huanza pale mgeni anapoamka. Kuitoa mchana kutwa kungekuwa kuuza bidhaa sokoni baada ya watu kurudi makwao. Mfano mashuhuri zaidi ni wa Madagaska. Mwaka 1862 Charles Darwin aliletewa okidi nyeupe ya kisiwa hicho, Angraecum sesquipedale, ambayo mbochi yake, yaani maji matamu ya ua, imefichwa chini kabisa ya mrija wenye urefu wa karibu sentimita 30. Okidi hiyo hunukia sana usiku. Darwin akasema ni lazima huko awepo nondo mwenye ulimi wa kufika chini. Wengine walimcheka. Alifariki mwaka 1882. Nondo huyo wa Madagaska alielezwa rasmi na wanasayansi mwaka 1903.

Nondo hawa hawako Madagaska tu. Mpapai, ambao asili yake ni Amerika ya Kati, una maua meupe yanayonukia zaidi jioni. Uliletwa huku na binadamu, ukawaacha nyuma wageni wake wa asili. Hata hivyo nondo wa Afrika walipoipata harufu ile waliielewa, kwa kuwa maua ya huku yanayowaita hutumia msemo wa namna hiyo hiyo. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2009 ulionesha kwamba nondo hao wana kazi kubwa katika kuchavusha mipapai ya wakulima, na kwamba kazi hiyo hudhoofika kadiri shamba linavyokuwa mbali na uoto wa asili. Kichaka kinachofyekwa pembeni mwa shamba kwa sababu "hakina faida" huenda ndicho kinacholala nondo wa mapapai.

Vanila haikuwa na bahati hiyo. Ni okidi ya Meksiko, na nyuki wa huko wanaoijua hawakusafiri pamoja nayo. Ilipopandwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi ilitoa maua bila matunda, mwaka baada ya mwaka, ikiita bila kuitikiwa. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond Albius alibuni njia ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamehangaika na jambo hilo kwa miaka. Njia hiyo ndiyo inayotumiwa hadi leo na wakulima wa vanila wa Kagera na Uganda: kila ua hufunguka asubuhi moja tu, na asubuhi hiyo lazima mkono wa mtu uwe pale. Wanaoifanya kazi hiyo wanajua kwa uchovu wa migongo yao thamani ya nyuki mmoja.

Hadi hapa tumesema juu ya wageni. Mazingira nayo yana sauti, na mfano wake mzuri kuliko wote tunaoujua unatoka katika jangwa la Utah, Marekani. Huko huota tumbaku pori. Maua yake hufunguka magharibi na kutoa harufu inayowaita nondo wakubwa, nao huja na kuichavusha vizuri. Ila nondo jike, akishakunywa, huweza kutaga mayai juu ya majani ya mmea uleule. Mayai huwa viwavi, na viwavi huyala majani ya aliyemkaribisha mama yao. Mmea ufanye nini? Ukiacha kumwita nondo utakosa mbegu, na ukimwita utaliwa.

Watafiti waliona kwamba tumbaku iliyoshambuliwa na viwavi hubadili ratiba ndani ya siku chache. Mate ya kiwavi yanapogusa jeraha la jani, mmea hupata habari. Sehemu ya maua mapya huacha kufunguka jioni. Hufunguka asubuhi, na harufu yake hupungua sana. Mgeni wa asubuhi ni ndege mvumaji, mdogo kama chozi wetu na mwenye tabia kama zake, ambaye hutafuta maua kwa macho zaidi kuliko kwa harufu. Wala hatagi viwavi! Haya hayangoji vizazi. Ni uwezo ambao mmea mmoja unao ndani yake, uliokusanywa na vizazi vingi vilivyotangulia katika mazingira ambamo kulikuwa na nondo, viwavi na ndege kwa pamoja.

Kuna zaidi. Mbochi ya tumbaku ina nikotini kidogo, ambayo ni chungu. Watafiti walipotengeneza mimea isiyoweza kuweka nikotini hiyo, wageni walikaa muda mrefu na kunywa sana. Mmea wa kawaida huwakaribisha kwa harufu na kuwaharakisha kwa uchungu, ili waende kwa jirani na chavua yao. Kahawa nayo ina siri inayokaribiana na hiyo. Mbochi yake ina kafeini kidogo, na jaribio lililochapishwa mwaka 2013 lilionesha kwamba nyuki waliopewa sukari yenye kafeini ya kiasi hicho, idadi yao iliyoikumbuka harufu ya ua siku iliyofuata ilikuwa mara tatu ya wale waliopewa sukari tupu. Mtu anayekunywa kikombe cha kahawa ili aikumbuke homilia yake ana ndugu zake mzingani.

Kwa mkulima wa kahawa hili si jambo la kufurahisha tu. Arabika ya Kilimanjaro huweza kujichavusha, ingawa nyuki huisaidia. Robusta, inayolimwa sana Kagera, haiwezi. Inahitaji chavua ya mti mwingine, iletwe na upepo au na wadudu. Mvua ikinyesha na shamba zima likawa jeupe na kunukia kama asmini, zile siku chache ndizo siku za wito. Kupulizia dawa ya wadudu katika siku hizo ni kumpiga mgeni mlangoni wakati tumemwalika wenyewe. Kama dawa hainabudi, na isubiri maua yadondoke.

Jambo la mwisho linahusu hewa yenyewe. Harufu husafiri hewani, na hewa iliyochafuliwa huila. Gesi ya ozoni na gesi nyingine zitokanazo na moshi wa magari na viwanda hugongana na molekuli za harufu na kuzivunja. Mahesabu ya watafiti wa Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionesha kwamba harufu ambayo katika hewa safi ya zamani ingefika zaidi ya mita 1,000, karibu na miji mikubwa huenda isivuke mita 300. Mwaka 2013 jaribio la Uingereza lilionesha kwamba moshi wa dizeli huiharibu harufu ya ua kiasi cha nyuki kutoitambua tena. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti mwingine juu ya ua la usiku la magharibi ya Marekani: harufu ilipowekwa katika hali ya kuharibiwa na gesi chafu za usiku zenye nitrojeni, ziara za nondo zilipungua kwa asilimia 70. Nondo hakuwa amekufa, na ua halikuwa limekatwa. Barua ilifutika njiani, na vizazi visivyohesabika vilivyoiandika havina namna ya kuiandika upya kwa miaka hamsini.

Tulimpelekea mama yetu jibu Dominika iliyopita, kwa kuchelewa, na kwa ufupi kuliko hapa. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama tuna hakika juu ya ule moshi. Tulipomwambia kwamba ndiyo, alisema kwamba kikundi chake kitapanda mwasmini mwingine upande wa pili wa groto, na kwamba vijana wanaochoma takataka nyuma ya ukumbi kila jioni watafute saa nyingine. Vijana wamekwisha kuarifiwa.